Karani Asiyeruhusiwa Kuuliza

Nikutegee, ukae sawa. Nina mtu wangu anakufa mara thelathini kabla ya chai ya saa nne, na kila akiamka anasema hajawahi kuumwa hata jino. Nani huyo?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Nipe Mbweni, maana ndiko anakokaa.

Ofisi ilikuwa nyumba namba kumi na nne, yenye geti jeupe. Kazi yake ilikuwa kupeleka bajaji za wagonjwa, zile zenye kitanda na mtungi wa oksijeni. Mwenye shida anaandika kwa simu, maneno yake yanafika ofisini, bajaji inatoka. Zamani maneno hayo yalishughulikiwa na makarani waliokaa ndani ya mashine. Mwezi wa tatu umeme ulikatika siku tatu, mle ndani kukawa joto, makarani wakatoka. Walikuwa tisa, wafupi wa kufika gotini, mashati meupe, kila mmoja na kisanduku chake cha bati. Wakatandikiwa mkeka barazani. Mfagiaji alilalamika kwamba mkeka ule ni wake, akanunuliwa mwingine.

Clara, fundi aliyeuchora mfumo huo, aliwafahamu hata kabla hawajatoka. Barua zinaangukia kisandukuni, karani anachukua moja, anaimaliza, ndipo anachukua nyingine. Hachungulii cha mwenzake. Akiwa na neno na mwenzake, anamwandikia barua. Nyuma yao, kwenye kiti, alikaa msimamizi mwenye rula. Karani akianguka akafa, msimamizi anamgusa begani, anaamka kichwa kitupu kama daftari la Januari, anasema, "Nipo tayari." Bosi wao, Gozbert, aliupenda sana utaratibu huo. Ukutani alikuwa na ubao wa taa tisa, moja kwa kila karani, na hakuna taa iliyowahi kukaa nyekundu zaidi ya kufumba jicho.

Sharti lilikuwa moja. Karani anaambia, haulizi. Mwaka wa kwanza waliruhusiwa kuuliza. Karani wa pili akamuuliza wa tano jambo, akasimama kungoja jibu. Kumbe wa tano naye amemuuliza wa pili, na yeye kasimama. Walitazamana siku kumi na moja, buibui wakafunga utando kutoka sikio la huyu hadi la yule. Toka hapo kuuliza kukafutwa.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, aliingia Bi Khairiya wa Kunduchi, kanga begani, kiatu kimoja kimekatika mkanda.

"Shikamoo mama," alisema Clara.

"Marahaba. Mwanangu, barua zangu tatu zimeishia wapi? Naandika tangu alfajiri. Raudha binti yangu ana uchungu, mtoto katanguliza mguu, damu inamtoka. Nimemwacha na jirani. Bajaji za barabarani zikiona damu zinageuza."

Getini alikuwapo Isack, dereva, ndani ya bajaji ya wagonjwa. "Mie nipo hapa toka saa kumi na mbili, mama," alisema. "Bila barua ya karani haiwaki." Akabonyeza kiwashio ili aone. Kimya.

Barua za Kunduchi zilikuwa za karani wa saba. Clara alichuchumaa mbele yake. Karani akachukua barua, akaisoma midomo ikicheza, alipofika mwisho akaanguka kifudifudi. Rula ikamgusa. "Nipo tayari," akasema, akatia mkono kisandukuni kutafuta nyingine. Ile iliyomponyoka ilikuwa sakafuni. Mfagiaji akaizoa.

"Na hiyo je?" aliuliza Bi Khairiya.

Mfagiaji alionyesha stoo kwa ncha ya ufagio.

Stoo ilikuwa imejaa barua hadi usawa wa dirisha. Clara alizihesabu zilizokuwa juu, kisha akaacha kuhesabu, akawa anasoma mistari ya mwisho tu. Bi Khairiya naye aliokota moja, akaisoma, akaikunja vizuri mara nne.

"Hii ya Rosalia, jirani yetu," alisema. "Tulimzika mwezi wa sita."

Akaiweka chini ya kanga.

Clara alipigilia msumari ukutani, akaitundika hapo barua ya Raudha aliyoiokota stoo. Sasa karani akifa, barua inabaki. Karani akaisoma, akafa, akaamka, akaiona msumarini, akaisoma, akafa. Alipofika mara ya kumi na tisa msimamizi alihamishia rula mkono wa kushoto. Mara ya thelathini, Clara alikuwa ameweka kidole chini ya neno linalomuua. Barua ilisema: *Mama mjamzito, Kunduchi, mtoto katanguliza mguu. Ukivuka mtaro kuna mashine ya kusaga. Hapo ulizia kwa Bi Khairiya.*

"Ni hapa," alisema Clara. "Anaambiwa aulizie, na hana ruhusa. Zote za stoo ziko hivi."

Gozbert alikuwa ametoka na kikombe chake. "Sasa mtu anaandika 'ulizia' ya nini? Si aandike namba ya nyumba."

"Namba ipi, baba?" alisema Bi Khairiya. "Sie hatujapewa namba. Tunaulizia, tunafika. Wewe hujawahi kuulizia?"

"Bosi, tuwaruhusu kuuliza," alisema Clara. "Kwa kipimo. Karani angoje jibu dakika moja, asipolipata aendelee na barua nyingine. Hawatasimama tena siku kumi na moja."

"Hiyo dakika moja taa itakuwa na rangi gani?"

"Nyekundu."

"Wageni wanakuja wiki hii kuutazama ubao. Sharti libaki."

Simu ya Bi Khairiya iliita. Akasikiliza, akaishusha. "Jirani anasema Raudha ameacha kulia."

Mashine ya kutengeneza kahawa ilikuwa inakoroma jikoni. Clara alichukua karatasi mpya. "Nahitaji namba yoyote ya nyumba, karani aimeze, bajaji itoke. Bosi, nyumba yako namba ngapi?"

Gozbert aligeuka kuutazama ubao.

"Baba, si unaulizwa," alisema Bi Khairiya. "Unakaa wapi?"

"Mbweni hii hii."

"Mbweni wapi?"

Gozbert alisema taa zote ni kijani. Akaingia ndani na kikombe chake, swali likabaki barazani.

Clara hakungoja. Aliandika *Mama mjamzito, Mbweni, nyumba namba 14*, akaitumbukiza kisandukuni. Karani wa saba aliisoma. Alifika mwisho akiwa hai, akagonga muhuri. Getini injini ikawaka. Kwa mujibu wa barua, bajaji ilikuwa imeshafika.

"Panda mama," alisema Isack. "Ikishawaka haina habari tena inakwenda wapi. Nielekeze tu."

Kunduchi kulikuwa kumechimbwa mabomba, njia aliyoizoea Bi Khairiya imefungwa. Waliulizia kwa wakaanga samaki, wakaulizia kwa fundi wa majokofu, wakaulizia kwa mama mmoja anayeanika nguo, naye akawavusha kupitia uani kwake. Saa saba mchana Raudha alijifungua hospitali, mtoto wa kike, mguu wa kwanza kutoka ukiwa wa bluu mpaka jioni. Mama alilazwa siku kumi na mbili.

Isack alipewa barua ya onyo kwa kupeleka bajaji isikoandikwa. Clara alikatazwa kuandika namba ya ofisi, akaung'oa na ule msumari. Wageni walikuja, wakausifu ubao, wakapiga picha na makarani. Wiki hiyo stoo ilijaa, ikafunguliwa ya pili.

Siku ya kumi na nne Bi Khairiya alirudi na sufuria ya visheti. Akawagawia makarani kimoja kimoja, na msimamizi viwili kwa sababu ya mkono wake. Karani wa saba alikula cha kwake, akafuta vidole kwenye shati, akachukua barua, akaisoma, akaanguka. Rula. "Nipo tayari," akasema, akanyoosha mkono kuomba kisheti, maana hakukumbuka kwamba ameshakula. Bi Khairiya akampa.

Gozbert alitoka kumsalimia. "Shikamoo mama. Mjukuu hajambo?"

"Marahaba baba. Hajambo, ananyonya. Leo tumemchinjia akika. Hospitali tulikuwa naye ile siku ya saba, ndiyo maana imechelewa. Clara nimeshampa nyama yake. Yako nataka niipeleke nyumbani, mkeo aipokee kwa mkono wake. Sasa nakuuliza tena. Unakaa wapi?"

Gozbert aliwatazama makarani tisa waliokaa mkekani, vichwa vimeinamia visanduku. Akamsogelea Bi Khairiya, akainama mpaka sikioni, wasije wakasikia.

"Ukipita ukuta wa kijani kuna muuza mkaa," alisema. "Hapo ulizia kwa Baba Blessing."