Shemsa Anagawa Miji

Haya, sogea karibu, maana anayelala hapa halali kama wanavyolala watu. Shemsa, mchora hina wa Chumbageni, Tanga, analala mchana baada ya swala ya adhuhuri, waya za simu masikioni, kwa sababu simu imemwambia alale. Si simu hasa, ni programu iliyomo ndani yake, iitwayo Tulizo. Muuguzi wa kliniki alimwekea kwa kidole chake mwenyewe, akamwambia, dada, hili si jini wala si wazimu, ni sonona, tena bado ndogo, jibu maswali yake kila siku, fuata mazoezi, usipoona nafuu urudi. Nafuu! Programu inamuuliza, unajisikiaje leo, inampangia vijiuso vya njano kuanzia anayelia mpaka anayecheka, na kila asubuhi Shemsa anabonyeza anayecheka. Mtu kalelewa, bwana. Ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama paa limeanguka, hilo la paa utalisema baadaye ukishakaribishwa kiti. Tulizo haina kiti. Inampongeza, inarusha vimaua kwenye kioo, imemaliza. Na yeye anabaki na moyo wake mzito, chakula hakipiti, maharusi wa watu wanakuja na anawapaka mikono yao bila hata kuiona.

Leo zoezi ni la kupumua. Vuta pumzi, inasema sauti. Toa pumzi. Shemsa anavuta, anatoa, anavuta tena, na katika kuvuta huko kitanda kinabaki nyuma, naye amesimama barabarani na dera lake la nyumbani, miguu mitupu. Barabara yenyewe inapumua. Sauti ikisema vuta, inarefuka mpaka mwisho wake hauonekani. Ikisema toa, inafupika, nyumba zinamjia mpaka puani kisha zinarudi zilikotoka. Anatembea, kwani ukishakuwa barabarani utafanya nini kingine, na mji ni uleule, anaupita, anauacha, anaukuta mbele unamngoja. Nyumba hazina milango, zina vioo, na katika kila kioo yumo Shemsa mwenye uso wa njano wa duara, anacheka. Anapita katikati ya wanaocheka. Hawamtishi, hawamfurahishi. Anawaza tu kwamba ukicheka hivyo kutwa nzima, lazima taya ziume.

Kwenye njia panda kuna mtu anamngoja. Ni mrefu, kavaa kanzu, na pale penye uso hapana kitu, ngozi tupu, laini kama yai lililomenywa. Shikamoo, anasema Shemsa, maana adabu haina likizo. Marahaba, anaitikia yule mtu kwa sauti ileile ya Tulizo, habari yako? Nzuri, anasema Shemsa, ila naomba unielekeze njia ya kurudi nyumbani. Njia imo ndani ya jibu, anasema asiye na uso. Kitendawili! Tega, anajibu Shemsa, ulimi umeshazoea. Nampa kila aniulizaye, na mwenyewe sina.

Sikufichi, Shemsa analijua jibu. Analijua palepale, kama mtu anavyolijua jina lake. Lakini kulitamka mbele ya mtu asiyemjua, tena mwanamume, tena hana hata uso? Aka! Anaangalia vidole vya miguu yake, anasema, nimeshindwa. Basi nipe mji, anasema yule mtu. Na mchezo huu mnaujua, ukishindwa kutegua unatoa mji, aliyetega anaupokea, anajigamba kidogo kwamba kaenda huko kala kashiba, kisha anakupa jibu mnacheka yanaisha. Nimekupa Muheza, anasema Shemsa. Asiye na uso anapokea, hajigambi, wala jibu hatoi. Na Muheza inaondoka. Shamba la mama yake, michungwa, ile harufu ya maganda iliyokaa vidoleni mwake tangu utoto, vyote vinamtoka kifuani bila kuaga. Haumii. Anajisikia mwepesi tu, kama gunia lililokwisha kumwagwa, na anaendelea na safari.

Barabara inarefuka, inafupika, inamzungusha, inamrudisha kwa mtu yuleyule. Habari yako? Nzuri. Kitendawili! Tega. Ni kilekile. Nimeshindwa, anasema Shemsa, chukua Korogwe. Korogwe inakwenda na shule yake ya bweni, na mashoga zake waliokuwa wakichekeana chini ya mashuka mpaka matroni anagonga mlango. Vuta pumzi. Toa pumzi. Habari yako? Nzuri. Nimeshindwa, chukua Pangani. Pangani inakwenda na harusi yake mwenyewe, na Sefu akiwa kijana mwenye aibu, kabla hajahamishiwa Dodoma kikazi akawa mume wa kwenye simu. Hivi we mwanamke, unagawa nini? Angekuwapo mtu angemuuliza. Hakuna mtu, kuna vioo tu, na waliomo wanacheka.

Njia panda inayofuata ni nyembamba, inawatosha wao wawili tu. Umebakiwa na mji mmoja, anasema asiye na uso, na anamgeuza taratibu aangalie kioo kilichoko ukutani. Humo ndani hakuna uso wa njano. Kuna jiko la nyumbani kwake Tanga, na wifi yake Mwanjaa, dada wa Sefu, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi huku anasema peke yake. Tangu Sefu aondoke, Mwanjaa ndiye anayekaa naye, anampikia, anamtania, anamwita bibi harusi mstaafu. Shemsa anaelewa vizuri mpango ulivyo. Akiitoa Tanga, Mwanjaa anakwenda nayo, na hapo hana tena mtu wa kurudi kwake. Anaelewa, na bado neno liko mdomoni, nimekupa, neno jepesi hilo, na yeye amechoka mno.

Mwanjaa anainua kichwa. Wifi, anaita kutoka ndani ya kioo, habari za huko? Mkono umesimama juu ya nazi, anasubiri. Shemsa anajua akisema nzuri, ule mkono utaendelea kukuna na ndiyo basi tena. Anaogopa. Anaogopa kwelikweli, kitu kinamuuma chini ya titi la kushoto, na kwa maumivu hayo anamgeukia yule mtu na kupiga kelele. Hali njema! Jibu ni hali njema! Nawapa wote wanaoniuliza na mimi sina. Sina, jamani, sijui nimepatwa na nini, sina!

Ile ngozi tupu inaanza kukunjamana. Yanatoka macho, inatoka pua, unatoka mdomo usiocheka, uso wa mwanamke aliyechoka, na Shemsa anauangalia muda mrefu kabla ya kuutambua kuwa ni wake. Toa pumzi, unamwambia.

Anatoa. Yuko kitandani, jua la alasiri limeingia mpaka kwenye mto, simu iko kifuani inamuuliza anajisikiaje baada ya zoezi. Anabonyeza anayelia. Havirushwi vimaua. Maandishi yanatokea, asante kwa kusema kweli, je, kuna mtu wa karibu unayeweza kumwambia leo? Hapo sasa anachanganyikiwa, maana Tulizo haijawahi kumuuliza hivi, na inawezekana bado yumo kulekule.

Mlango unasukumwa, Mwanjaa anaingia na chicha za nazi mikononi. We bibi harusi mstaafu, anasema, utalala mpaka magharibi? Habari za usingizi? Wifi, anauliza Shemsa, Muheza ipo? Mwanjaa anaangua kicheko. Kha! Muheza iende wapi, ina miguu? Shemsa hacheki. Anaitafuta harufu ya machungwa kichwani. Pengine inakuja, kwa mbali, pengine anajidanganya. Mwanjaa ana uso wake wote, lakini hata kule kiooni alikuwa nao. Nimekuuliza habari, anasema Mwanjaa. Si nzuri, anasema Shemsa. Si nzuri, wifi yangu, tangu mfungo uliopita.

Kicheko kinakatika. Mwanjaa anaurudishia mlango, anajifuta mikono kwa kanga, anakaa ukingoni mwa kitanda. Na mimi niko chumba cha pili, anasema polepole, macho yamemjaa machozi. Kila siku nakuuliza, Shemsa. Kila siku. Shemsa anamwangalia, na hajui huyu ni Mwanjaa yupi, wa Tanga au wa kule kiooni, wala haoni njia ya kujua. Anamshika mkono na kuanza kumweleza.