Mkono wa Kuazima

Usingizi unamkuta Namkunda mchana kweupe, kwenye benchi la wazee, katika baraza ya darasa lililogeuzwa kituo cha kupigia kura. Yeye si mzee. Ana miaka ishirini na hajawahi kupiga kura. Amekaa hapo kwa ajili ya bibi yake, Bi Nakijwa, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na sheria inamruhusu asiyeona kuingia na msaidizi anayemtaka. Bibi amemtaka yeye. Asubuhi, foleni ikiwa bado inaanzia getini, amemtajia jina moja tu la udiwani, Mama Eliwaza. Namkunda akatabasamu, akamuuliza sababu. Bibi akacheka, akamwita mke mwenzangu kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, akasema mbona yeye hajamuuliza ya kwake. Ni kweli, hakumuuliza. Angemuuliza, angepata jibu refu, maana Namkunda amesomea takwimu, amezipitia ilani za wagombea wote wawili mstari kwa mstari, amelinganisha ahadi na mapato ya halmashauri, na amehitimisha kwamba Senkondo, kijana mwenye gari la matangazo, ndiye anayefaa. Asilolisema ni kwamba wakala wa Senkondo ameshawanong'oneza yeye na wenzake wa kikundi kuwa mikopo ya vijana ikifika kwenye kata, mashine yao ya kuchapa fulana itatangulia. Bati linalia kwa joto. Bibi amemshika kiwiko. Namkunda anawaza kwamba kura mbili ni nyingi kuliko moja; wazo linapita, halisimami, naye halizuii, na mlangoni karani anaita, anayefuata.

Anainuka, anamwongoza Bibi, anavuka kizingiti, na darasa halina ukuta wa nyuma. Foleni iliyokuwa nje inaendelea ndani, inapita pale ubao ulipokuwa, inatoka kwenye barabara ya vumbi inayopanda na kushuka mpaka macho yachoke, na watu walio mbele wote wamempa kisogo. Karani amevaa kizibao cha kazi na kitambulisho shingoni, lakini hana uso. Mahali pa uso pamelainika kama ndani ya kibuyu, na picha ya kitambulisho nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo hakuna wa kusema si yeye. Namkunda anamwonyesha kadi yake na ya Bibi. Karani hazitazami. Anasema, kitendawili. Namkunda anajibu tega, kwa sababu hajawahi kusikia jibu jingine la neno hilo. Kila mtu amekatiwa kipande sawa, anasema karani, na hakuna aliyeshiba. Namkunda anafikiri kama anavyofikiri kwenye mtihani, anaondoa yasiyowezekana, anabakiwa na moja: siku, kwani kila mtu ana saa zilezile. Karani anatikisa kichwa. Siku ya tajiri ni ndefu, dada, ina watu ndani yake wanaomfanyia kazi. Nipe mji.

Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, na Namkunda haoni ubaya wa kutoa mji ambao hauhitaji tena. Anatoa Moshi, alikosoma, na karani anamwambia jibu ni kura. Mara ile wamo Moshi, ingawa mlima uko upande usio wake na maduka yanatazamana na maduka yaleyale ng'ambo ya barabara, kana kwamba mji umekunjwa katikati wino wake ukiwa mbichi. Kwenye mzunguko wa barabara kuna mizani kubwa ya kupimia kahawa, na watu wanaweka vyeti vyao upande mmoja, upande wa pili wanawekewa kura, mawe meupe ya mviringo kama mayai ya kanga. Mwenye shahada anaondoka na kikapu. Profesa mmoja anasukuma zake kwa toroli na kuomba apishwe. Namkunda anaweka stashahada yake na anapewa za kujaza pochi. Bibi anaweka kiganja kitupu, mizani haisogei, na mpimaji, ambaye naye hana uso, anamwambia kwa heshima kabisa, shikamoo mama, wewe mbebee mwenzako. Bibi anaitika marahaba, anaipokea pochi, anaitia begani. Hana kinyongo, anauliza tu kama ni mbali. Namkunda anatembea nyuma yake mikono mitupu na anaona kwamba utaratibu huu, ukiutazama bila hisia, una mantiki. Mgonjwa ndani ya basi haulizi abiria wenzake dawa, anauliza daktari. Anaona aibu kidogo, lakini ni aibu nyepesi, nyepesi kuliko ule mzigo, na mzigo yuko nao Bibi.

Barabara inajipinda, inarudi pale ilipoanzia, inapita, na karani anawasubiri pembeni akiwa amekaa juu ya sanduku la kura kama mtu anayesubiri basi. Kitendawili. Tega. Nimemwazima mkono, akanirudishia kidole. Namkunda anasema mkopo, kisha anaongeza, riba. Karani anacheka, kicheko kinatoka mahali fulani chini ya kizibao. Wakopeshaji hawarudishi hata ukucha, anasema. Nipe mji. Namkunda anatoa Dar es Salaam, ambako si kwake, ila amepanga kuhamia kikundi kikishapata faida, na karani anaupokea bila kuuliza umeupataje.

Dar es Salaam hii ni ya vioo vitupu. Kila ghorofa ni kioo, lami ni kioo, na ndani ya vioo wanatembea watu walewale walio nje, isipokuwa wa ndani wamevaa vizuri zaidi na hawatoki jasho. Hapa vyeti havipimwi. Mlinzi anagusisha simu ya kila mtu kwenye kimashine, kimashine kinalia mara nyingi au mara chache kulingana na salio, na mlio mmoja ni kura moja. Kwa Namkunda kinanyamaza. Anapangusa simu kwenye sketi, anajaribu tena, kinanyamaza tena, na watu walio nyuma yake wanaanza kutazama viatu vyao, kama wafanyavyo watu wenye adabu mbele ya mtu aliyepungukiwa nauli. Ndipo kwenye kioo cha kushoto anatoka Namkunda mwingine, suti ya kijivu, nywele zimesukwa na msusi wa bei, harufu ya wino mpya wa kuchapia. Anamshika kiwiko. Usijali, mdogo wangu, nitakusaidia. Unamtaka nani? Senkondo, anasema Namkunda. Kwa nini? Namkunda anafungua mdomo asome ilani, anaiona kabisa, aya kwa aya, lakini kinachotoka mdomoni ni mashine, mashine ya kuchapa fulana, tumeahidiwa tutatangulia. Mwenzake anatabasamu. Namkunda analijua tabasamu hilo kwa ndani, anajua misuli yake, kwa sababu ndilo alilompa Bibi asubuhi pale getini. Ah, anasema yule wa kioo, sababu ya tumbo hiyo. Sikulaumu. Niachie mimi, nimesoma zaidi yako. Anachukua karatasi, anaweka alama mahali pengine, anaikunja vizuri, anaitumbukiza. Namkunda anamwambia ile ilikuwa yangu. Ni yako, anajibu mwenzake, kwani nimekunyang'anya? Nimekusaidia. Na anamchovya kidole kwenye wino, kwa upole, kama mama anayemkata mtoto kucha.

Aibu inampanda Namkunda kuanzia miguuni. Si aibu ya kuonewa, hiyo angeijibu kwa hoja. Ni aibu ya kutambua kazi ya mkono wake mwenyewe. Anageuka amtazame Bibi, na Bibi amekaa ukingoni mwa barabara ya kioo, ile pochi ya mawe ingali begani, haoni chochote katika hivyo vioo vyote, anauliza kama kuna mahali pa kupata maji. Namkunda anataka kusema turudi nyumbani. Badala yake karani yuko mbele yao. Hategi kipya. Kile cha mkono na kidole, anasema, bado hujanijibu, na mji ulionipa haukuwa wako. Nipe mwingine. Namkunda anatafuta. Hana mwingine. Amepita miji mingi kwa basi, lakini mji wa kupita haukubaliki, na mtaa wanakokaa ni wa kupanga. Bibi anaanza kusema kitu, Namkunda anamtangulia, anasema nakupa Usangi.

Karani hasogei. Kwa mara ya kwanza anauliza swali kama watu wanavyouliza maswali. Usangi ni kwako?

Ni kwa bibi yangu, anasema Namkunda. Ni mamoja tu. Mimi ndiye ninayemsaidia.

Haya, anasema karani, umetoa.

Wanafika mlimani bila kupanda. Usangi ipo, kisha inaanza kukunjwa, kuanzia chini, kama mtu anavyokunja kanga iliyoanuliwa: migomba, njia ya makorongo, ndiva ambalo wazee walilichimba kukusanya maji ya mashamba, maji yenyewe yakikunjwa bila kumwagika, kanisa, kaburi la babu na msalaba wake wa saruji. Watu wa kijiji wametoka nje wanatazama. Hawapigi kelele. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani anamuuliza jirani yake nani ametoa, jirani anamwonyesha kwa kidevu, na yule mwenye ndoo anasema, si mjukuu wa Nakijwa huyu, yule msomi? Basi atakuwa na sababu zake. Wanakubaliana hivyo wote, na hakuna tusi ambalo lingemuumiza Namkunda kuliko makubaliano yale. Kilichobaki ni mteremko mtupu na Bibi amesimama juu yake. Hajui kilichotokea. Anapapasa kwa mguu akitafuta ngazi ya mlango wake, haioni, anarudi hatua, anapapasa tena. Karani, kwa kuwa amepata mji, sasa analazimika kutoa jibu, na analitoa kwa mwendo ule wa kale wa wategaji. Nilikwenda Usangi, nikakaribishwa, nikala ndizi kwa maharage, nikapewa kitanda cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye jibu. Alikuazima mkono wake uende ukaandike badala yake. Umemrudishia kidole kimoja chenye wino.

Namkunda anasema bado, sijaandika bado, na ni kweli, kwa sababu mbele yake kuna kibanda cha boksi cha kupigia kura juu ya dawati, na karatasi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Picha mbili za wagombea udiwani zinamtazama. Nyuso zao zinafutika na kurudi, zinafutika na kurudi, mara Senkondo yuko juu, mara yuko chini. Bibi ameweka kiganja chake juu ya mkono wa Namkunda, kikavu, chepesi, kinapanda na kushuka pamoja na kalamu. Umemwona Mama Eliwaza? anauliza kwa kunong'ona. Nimemwona, Bibi. Yukoje? Namkunda anatazama kwa makini, maana hili angalau ni swali la kweli, lina jibu. Amevaa kilemba, anasema, na hacheki. Hivyo hivyo, anasema Bibi, andika. Kalamu inagusa karatasi na Namkunda anausikia mkono wake ukienda.

Mkono unamtikisa. Kelele za watoto uani, bati linalia. Namkunda yuko kwenye benchi, barazani, shingo inamuuma, na Bibi yuko pembeni yake ananywa maji kwenye chupa ya mtu. Namkunda anasema twende, Bibi, tusije tukapitwa na zamu yetu. Bibi anaishusha chupa. Zamu gani tena, mke mwenzangu? Si tumeshapiga? Tumetoka, ukasema joto limekuzidi, unakaa kidogo, ukalala kama mlevi wa mbege. Anamwonyesha kidole chake kidogo, cheusi mpaka kwenye fundo. Namkunda anatazama cha kwake. Cheusi pia, na wino umeshakauka.

Anapanga mambo kama alivyofundishwa. Anakumbuka kizingiti. Anakumbuka karani mwenye uso laini, na sasa anamwona karani mlangoni, ana uso, ana chunusi, anapiga miayo. Anakumbuka kibanda cha boksi, kalamu, kilemba. Vipi kati ya hivyo ni vya ndani ya darasa na vipi ni vya kule, hawezi kusema. Kilemba anaweza kuwa alikiona kwenye bango lililobandikwa getini. Mkono anaukumbuka ukienda, haukumbuki ulipofika. Na hakuna wa kumuuliza. Bibi haoni, karani alisimama mbali kama sheria inavyomtaka, karatasi imekunjwa imo sandukuni na za wengine wote, haina jina. Jioni zitahesabiwa, mmoja atashinda na mwingine atashindwa, na idadi yoyote itakayotangazwa haitamwambia lolote kuhusu ile moja. Siri ya kura imewekwa kumlinda mnyonge. Leo inamlinda yeye.

Bibi amemrudishia mwenye chupa chupa yake na kumwambia, ili na wengine kwenye benchi wasikie, kwamba huyu mjukuu wake ndiye macho yake. Wazee wanaitikia, wanamsifu, mmoja anasema Mungu amkuze. Kisha Bibi anamsogelea, anashusha sauti, anauliza bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

Uliweka palepale?

Namkunda anasema, ndiyo, Bibi, na ni jambo la kwanza tangu asubuhi ambalo amelisema bila ushahidi.