Kopo Lililokuja na Wazee Wembamba

Usiku wa jana niliota siku ile dada yangu Stumai alipokufa. Turubai lilikuwa pale pale uani, wanawake wamekaa mikekani, na katikati yao kopo la unga wa kupunguza unene, limejitanda khanga kama mfiwa.

Kopo lile nalijua. Stumai aliutia unga wake kwenye uji miezi yake ya mwisho. Akapungua, na mtaa mzima ukamsifu: "Umependeza, bibi wee! Umerudi usichanani!" Muuzaji akampiga picha, akaibandika kwenye makopo yake, chini akaandika "Maisha marefu." Tulipofika hospitali, daktari alisema kifua kikuu kilikuwa kikimla tangu zamani. Picha haikubanduliwa. Na sasa mama ameanza unga ule ule, apate kuishi awalee watoto wa Stumai.

Ndotoni, kopo linakohoa.

"Wembamba huishi sana," linasema. "Ushahidi ninao."

Ndani yake wanatoka wazee wembamba, mmoja mmoja. Wanajikung'uta unga, wanakaa, wanaomba kahawa. Mama anapiga vigelegele. Mimi nawatazama miguu. Siridhiki na ushahidi huo.

Mara tuko stendi ya mabasi ya Korogwe, na mikeka yetu. Mzani wa kupimia watu unanielekezea mshale wake.

"Hapa kuna sheria," unasema. "Dai lije na watu wake wote. Walio hai na waliokufa."

"Hao wa pili wako mbali," linasema kopo.

"Tutasubiri."

Tunasubiri. Linaingia basi kutoka makaburini. Wanashuka watu wengi, kila mmoja na kijiko chake, wanauliza foleni iko wapi. Wa mwisho ni Stumai.

"Mdogo wangu, umekonda," ananiambia. "Nikusifu?"

"Usinisifu. Nipime kwanza."

"Basi una akili kuushinda mtaa mzima."

Mzani unawageukia wazee. "Mlianza lini kuwa wembamba?"

"Tangu utoto," anajibu mmoja, anapuliza kahawa. "Ndio ukoo wetu. Unga tulipewa siku ya kupigwa picha."

"Na wewe, Stumai? Ulipunguzwa na unga?"

"Na ugonjwa. Unga ulikuwa kama mgeni anayefika chakula kimeiva, halafu akasema amepika yeye."

Wazee wanacheka. Kopo halicheki.

"Mimi kopo tu," linasema. "Nasema nilichobandikwa."

Stumai anamwaga unga wote chini. Analifunika kopo kwa kukigeuza kifuniko, tumbo juu, kama alivyofunika kila kitu nyumbani. Mama alimgombeza kwa hilo tangu utoto, hakuacha.

"Nguo za mama zinapwaya," ananiambia. "Asishangilie."

Anapanda basi. Hajalipa nauli, na kondakta hamdai.

Niliamshwa na sauti ya mama jikoni.

"Nani kafunika kopo langu hivi?"

Nilikwenda. Kifuniko kilikuwa tumbo juu. Ndani hamna hata punje. Nyumbani tumebaki mama, mimi na watoto wa Stumai, wasiofikia rafu linapokaa kopo.

Mama aliliangalia kopo, akaniangalia mimi. Akataka kusema neno, akakohoa badala yake.

"Tangu lini unakohoa, mama?"

"Vumbi hilo."

"Vaa viatu, mama. Twende."

Sasa tuko kwenye benchi la zahanati. Mama ameshika kikopo cha makohozi, anasubiri kuitwa.