Rundo la Dada

"Tupa mbili tena," fundi alisema, huku mguu wake ukikanyaga sakafu chini ya meza ya kukatia, kana kwamba cherehani iko pale.

Dada yake akasonya. Alichukua kadi mbili za juu kwenye rundo lake la mchezo wa vita, akazifunua: simba mwenye mabawa, kisha joka la moto, kadi alizozitafuta miaka na miaka. Zote zikaenda jaani bila kupigana.

"Huu si mchezo, ni uchawi! Nishambulie basi, tujue moja."

"Nikushambulie wewe, mbabe? Haraka haraka haina baraka, dada."

Alisema hivyo yeye, ambaye tangu asubuhi hakuweza kutulia. Mkoba wa dada ulikuwa mlangoni, umefungwa. Amepata kazi ya upishi hotelini, mji wa mbali, na basi linaondoka saa nane mchana. "Ukinifunga, siendi," alikuwa ametania, maana mdogo wake hakuwahi kumfunga. Lakini kwa dada ahadi ni deni, hata ya utani.

Fundi hakuwa na majoka. Alikuwa na kuta, ngao, na vikadi vya kumtupisha mwenzake. Anayetakiwa kuvuta kadi akakuta rundo limekwisha, huyo kashindwa, hata awe na majeshi mezani. Kwa hiyo aliukawiza mchezo. Wiki nzima alikuwa amelikawiza vivyo hivyo gauni la safari la dada: leo uzi umekwisha, kesho sindano imevunjika. Mpaka sasa lilining'inia ukutani bila pindo.

Dada akanyoosha mkono avute. Vidole vikagusa mbao tupu.

"Umenimaliza," alisema polepole, "wala hujanigusa."

Fundi aliinua mikono ashangilie, akaishusha. Dada hakubisha. Alikwenda mlangoni, akafungua mkoba, akaanza kutoa nguo moja moja na kuziweka kitandani. Hakulia, na afadhali angelia. Fundi alijikuta akizihesabu, kama alivyohesabu kadi. Ya mwisho ilikuwa aproni nyeupe ambayo hakuwahi kuiona. Dada ameishona mwenyewe kwa mkono, kwa siri, mishono imekwenda upande.

Mkoba ukabaki mtupu.

Fundi akainuka. Alilishusha gauni ukutani, akaketi kwenye cherehani. Uzi ulikataa tundu la sindano mara mbili, ya tatu ukapita.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza bila kugeuka.

Dada alikuwa bado ameshika aproni. "Saba na nusu."

Mguu ukaipata pedeli.