Sauti ya Sufuria Ukunguni

Kipande cha pili cha keki ya plamu ndicho kilichotaka kutuua. Watu hupenda kusema ni ukungu, au ni bahari, au ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakunikatia keki. Aliyenikatia ni dada yangu Gondel, anayeishi kisiwa cha pili, nami nina mdomo usiojua kusema basi, tukachelewa kuondoka.

Tulikwenda kwake kwa miguu, mimi na binti yangu Wiebke, kama watu wa huku wanavyofanya maji yakipwa. Bahari huondoka, hubaki tope na mchanga mpaka macho yanapokoma, na mtu huvua viatu akavuka. Ukijua saa ya kurudi, ni matembezi tu. Mama mkwe wangu, Göntje, alitusindikiza hadi chini ya kilima cha nyumba yetu, akatazama juu, akanusa hewa.

"Ukungu ukija, mlale huko huko," alisema.

"Mama, na jua lote hili?"

"Hata siku ile lilikuwapo."

Siku ile ni siku aliyokufa mume wangu Melf, mwanawe wa pekee.

Kwenye ukuta wa nyumba yetu imetundikwa kengele ya meli. Ukungu ukishuka na kuna mtu huko nje, aliye nyumbani huipiga mpaka mtu huyo arudi. Lakini kengele ile haifuatwi. Kati ya mchanga na nyumba umepita mkondo mrefu wenye kina, ambao hujaa kabla ya kwingine kote. Lazima uuzunguke kwa juu, uvukie kwenye nguzo iliyofungwa kitambaa chekundu, ndipo ushuke nyumbani. Kwa hiyo kila mtoto wa kisiwa chetu hufundishwa: ukitoka kwa jirani, kengele iache sikio la kulia mpaka uvuke. Melf alilijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini maji yalimpanda, ukungu umemzunguka, na nyumbani mama yake alikuwa akimpigia kengele kwa nguvu zake zote, naye akaifuata. Tulimkuta mkondoni, mkabala kabisa na mlango wa nyumba.

Baada ya mazishi mama mkwe aliung'oa ulimi wa kengele akautupa kisimani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mchana alifanya kazi zake, jioni aliketi akifuma soksi, na tangu hapo hakuwahi kukanyaga mchanga wa bahari tena.

Basi tulikuwa katikati ya njia, Wiebke akiimba, tumbo langu limejaa keki, ukungu ulipokuja. Haukuja polepole. Nilitazama nyuma, kisiwa cha Gondel hakipo. Nilitazama mbele, hakuna mbele.

"Mama, fito ziko wapi?" Wiebke akauliza.

Njia yetu huwekewa fito zilizochomekwa topeni, moja baada ya nyingine. Barafu huzing'oa kila mwaka, na aliyekuwa akizichomeka upya ni Melf. Sasa zilibaki chache, zimepinda, na nyingine hazikuwapo kabisa.

"Zipo mbele," nikasema. Uongo mtupu. "Nishike mkono, usiuachie hata ukiwashwa pua."

Tukatembea. Kisha mguu wangu ukahisi kitu ambacho mtu wa huku hahitaji kuelezwa: mchanga uliokuwa umetulia ulianza kutembea chini ya unyayo. Maji yalikuwa yanarudi. Yalikuja kimya kimya, membamba, yakipita kati ya vidole. Niliogopa, tena niliogopa vibaya, na kilichoniogopesha zaidi ni kwamba mtoto alijua.

"Mama, tunakufa?"

"Nani kakwambia? Utakufa lini na hujamaliza kazi ya shule?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Ndipo tukasikia. Ko, ko, ko. Sauti kavu, ya bati, mbali, upande wa kulia. Haikuwa kengele. Wiebke akaruka.

"Ni Bibi! Anapiga sufuria ya uji! Twende, Mama!"

Akanivuta. Sitaki kuficha: miguu yangu ilitaka kwenda naye. Mwili wote ulitaka. Nilielewa siku hiyo jinsi Melf alivyokufa, kwamba hakukosea kwa ujinga. Sauti ya mtu wa kwenu ikikuita ukiwa na hofu, sheria zote za kisiwa ni upepo.

"Hapana," nikasema. "Sikio la kulia. Baba yako alikufundisha nini?"

"Sikio la kulia," akasema, akaanza kulia.

Tukaiacha sauti upande wa kulia, tukatembea. Maji yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakapanda. Baada ya muda sauti ikawa mbele yetu. Nikajua nimepinda, nikageuka kushoto ili niirudishe upande wa kulia. Tukaenda. Ikawa mbele tena. Nikageuka tena, na maji yakanifika magotini, Wiebke yakampita mapaja, nikampandisha mgongoni. Akanikaba shingo kiasi cha kunikata pumzi.

"Mama," akaninong'oneza sikioni, "si sisi tunaopinda. Ni Bibi anayehama."

"Nyamaza nisikilize."

"Anahama, Mama! Alikuwa kule, sasa yuko pale."

Nikasimama. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kengele imetundikwa ukutani, haiendi popote. Lakini sufuria hushikwa mkononi. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amekanyaga mchanga tangu tumzike Melf, angeweza kuwa ametoka nayo. Kama ametoka, angekwenda wapi kama si kwenye kivuko? Na kama yupo kivukoni, mimi na sheria yangu tulikuwa tunamkimbia aliyekuja kutuokoa.

Lakini kama mtoto amekosea? Ukungu hudanganya masikio, hilo pia hufundishwa. Kama sauti ile ingali nyumbani, basi kati yake na mimi kuna mkondo, na ningekuwa nampeleka mtoto palepale alipokwenda baba yake. Nilisimama kama mjinga, maji yakipanda, nisiweze kwenda huku wala kule. Niliomba. Nilimtukana Melf kwa kuniachia fito mbovu. Kisha nikasema liwalo na liwe, nikaigeukia sauti, nikaifuata moja kwa moja.

Kila hatua nilingoja chini pakosekane. Maji yakanifika kiunoni. Tope likawa laini, likaninyonya mguu, nami nikajua ndio mkondo huu, nimemuua mtoto wangu. Wiebke alikuwa ameacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikauchomoa mguu, nikapiga hatua nyingine, nikakatwa.

Nikakatwa tena. Kome! Maganda makali ya kome, yamejaa chini ya miguu yangu. Kome wetu wako kivukoni tu, kwingine kote ni tope. Melf alizoea kusema, ukikatwa miguu umefika. Nikalia kwa sauti, nikayakanyaga kama mtu anayecheza ngoma.

Nguzo ikatokea, na kitambaa chake chekundu, na mama mkwe wangu. Alikuwa amejifunga kwenye nguzo kwa kamba ya kuanikia nguo, maji yamemfika kifuani, nywele zimemganda usoni. Mkono mmoja umeinua sufuria, mwingine unapiga kwa upawa.

"Mama! Tumefika! Tupo hapa!"

Alitutazama. Akamgusa Wiebke shavu kwa mkono wenye upawa. Kisha akaendelea kupiga.

"Mama, basi. Tumefika sote. Maji yanajaa."

"Bado mmoja," akasema.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini baridi iliyonishika hapo haikuwa ya maji. Nikalishika fundo la kamba. Lilikuwa limelowa, limekaza, na vidole vyangu havikuwa na nguvu. Yeye anapiga. Mimi nakwaruza fundo kwa kucha, kwa meno, nikimeza maji ya chumvi.

"Mama," nikasema, "huyo hasikii. Huyu anasikia. Mtazame anavyotetemeka."

Fundo likalegea. Kamba ikaanguka majini, ikachukuliwa, lakini hakusogea. Akaipiga sufuria mara moja tena, kwa nguvu zake zote, akatega sikio kuelekea mchangani. Nasi tukatega sikio. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitega.

Kisha akanikabidhi upawa, akageuza mgongo.

"Mpandishe kwangu huyo mtoto," alisema. "Wewe umechoka."