Kidole Shingoni mwa Nappi

Kidole cha Raili kilikuwa na kazi yake, na hakuna mtoto aliyeijua. Mtoto akikosea neno, Raili hakufungua mdomo. Alibonyeza kidogo tu, chini ya manyoya ya shingo, na Nappi, mbwa wake, akanyanyua mguu wa mbele akauweka juu ya ukurasa. Hapo Raili akasema, kama mtu asiyehusika, "Nappi hajaelewa. Hebu msomee tena."

Ndivyo wenye mbwa walivyofundishana kwenye kikundi chao cha mbwa wa kusomewa na watoto. Mwenye mbwa hasahihishi. Anayeuliza ni mbwa, na mbwa hamcheki mtu. Raili alikuwa amegawa barua miaka thelathini na mitano mpaka magoti yakamgomea, na ujanja huu aliuona wa huruma tupu. Hakuwahi kuuita uongo.

Kila Jumanne saa tisa mchana, taa za maktaba zikiwa zimeshawashwa kwa sababu ya giza la Novemba, linaloingia mapema huko kaskazini, Saimi aliingia kwenye kona ya watoto na soksi zake za sufu. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, lakini kitabu chake kilikuwa kile cha wanaoanza, chenye vistari vya kugawa maneno vipandevipande ili jicho lipumzike. Alikuja nacho amekificha ndani ya gazeti la mpira wa magongo. Shuleni hakuwa amesoma kwa sauti tangu mwaka uliopita, siku darasa zima lilipoangua kicheko. Kwa Nappi alisoma.

"We mbwa mzito kweli," alimwambia Nappi kila mguu ulipotua ukurasani. "Masikio makubwa hivyo, ya nini? Sikiliza tena." Akarudia, na mara ya pili neno likatoka zima. Saimi alimwita Raili "bibi yake Nappi", na akicheka, pengo la meno mawili likaonekana.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja na habari. Alikuwa amemwambia mwalimu kwamba Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi atasoma ukurasa mmoja mbele ya darasa. Ukurasa wa dubu, wa kitabu chake kile.

"Mwenyewe umemwambia?" Raili aliuliza.

"Mwenyewe. Baba hakuamini. Kanipima homa."

Jumanne ile baridi ilikuwa imemkaa Raili kwenye vidole. Outi, mkutubi, alimletea kahawa na kipande cha mkate wa iliki, akainama kumnong'oneza, "Haya, bibi yake Nappi, kula kabla mjukuu wako hajakuwahi." Raili aligeuka kupokea kikombe, na mkono wake wa kushoto, uliokufa ganzi, ukaelemea shingo ya mbwa bila yeye kujua.

"Dubu akaamka kabla theluji haijaisha," Saimi alisoma.

Nappi akaweka mguu ukurasani.

"Mzito wewe. Dubu akaamka kabla theluji haijaisha."

Mguu ukabaki palepale. Saimi akakunja uso. Akasoma tena, taratibu, kila kipande peke yake. Mguu haukuondoka. Neno alilolisema sawasawa mara tatu akalibadilisha, akaliharibu, akajaribu lingine ambalo halikuwemo kabisa. Masikio yakamwiva kwa aibu.

Kisha akanyanyua macho, siyo kwa mbwa. Aliutazama mkono wa Raili.

Raili aliuondoa kama aliyeshika jiko, na mguu wa Nappi nao ukashuka.

Saimi alipeleka kidole chake palepale, chini ya manyoya, akabonyeza. Mguu ukapanda. Akaachia. Ukashuka. Akabonyeza tena.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Mwanangu, sikiliza..."

"Siku zote?"

Raili alikuwa na majibu mengi mazuri, ya kufundishwa. Aliyaacha. "Siku zote," alisema. "Ila leo ilikuwa bahati mbaya. Ulisoma vizuri, mkono wangu ndio—"

"Nilimwambia Nappi mambo yangu." Mtoto alisimama. "Na wewe ulikuwa unanihesabia makosa."

Aliondoka mbio. Kofia yake ilibaki kwenye zulia, na Nappi akailalia.

Jumanne iliyofuata, zamu ya Saimi ilipita tupu. Raili alikaa dakika zote ishirini, mikono mapajani, akimwangalia mbwa ambaye kila mlango ukifunguka alipiga mkia mara moja kisha akaacha. Aliyekuja ni Jarmo, babake Saimi, mtu wa kukata miti msituni. Alirudisha kitabu cha dubu mezani kwa Outi, akasogea, akasimama na kofia mkononi.

"Hasomi tena," alisema. "Kamwambia mwalimu amfute."

"Na mwalimu?"

"Kasema nafasi ipo mpaka Ijumaa yenyewe." Jarmo alimkuna Nappi sikio. "Saimi anasema mbwa naye alikuwa anamcheka kumbe."

"Hakuwa anamcheka. Wala mimi."

"Najua. Mimi najua." Akaigeuza kofia yake mkononi. "Mimi nilifutwa hivyohivyo. Sijasoma mbele ya watu mpaka leo."

Raili alimpa kofia ya mtoto. Jarmo akaikataa. "Iache hapo. Labda ataifuata."

Ikafika Jumanne ya mwisho. Saimi aliingia na koti lake, kipande cha kuakisi taa za magari gizani kikining'inia mfukoni, bila kuvua chochote ila viatu. Kitabu cha dubu alikuwa amekichukua tena kwa Outi, na safari hii hakukificha.

"Nimefuata kofia," alisema. Lakini alikaa. Alikaa mahali pa Raili, nyuma ya shingo ya mbwa, akamsukumia Raili kitabu. "Soma wewe."

Raili alivaa miwani. Hakuwa amemsomea mtu kwa sauti tangu mwanawe alipokua, na Outi alikuwa karibu, na mama wawili walikuwa wakichagua vitabu rafu ya pili. Alianza. Mstari wa kwanza, mguu wa Nappi ukatua.

"Hajaelewa," Saimi alisema, uso mkavu. "Msomee tena."

Akarudia. Mguu ukatua tena. Mmoja wa wale akina mama akageuza shingo. Raili alihisi jasho chini ya sweta, maneno aliyoyajua maisha yake yote yakaanza kumtoroka, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine.

"Lakini nilisema sawa," alijikuta analalamika.

"Na mimi nilisema sawa."

Wakatazamana. Nappi alipiga miayo.

"Nisamehe, Saimi," Raili alisema. "Haikuwa haki. Siyo siku ile tu. Zote."

Mtoto alivuta kitabu. "Kalia mikono yako."

Raili akaikalia, yote miwili, kama mtoto aliyeadhibiwa. Saimi alisoma. Hakumtania mbwa. Kila mwisho wa mstari macho yalikwenda upande kuangalia kama mikono ipo chini, ndipo yakarudi. Katikati ya ukurasa alikosea neno. Hakuna mguu uliopanda. Alikwenda mbele maneno mawili, akasita, akarudi nyuma mwenyewe, akalisema upya.

Alipomaliza alifunga kitabu. "Pale nilikosea?"

Kanuni ya kikundi Raili aliijua kama jina lake. "Ulikosea," alisema. "Kisha ukarudi mwenyewe."

Saimi alivuta kofia chini ya tumbo la mbwa, akaivaa ikiwa na joto na manyoya.

"Ijumaa Nappi haruhusiwi," alisema. "Kuna mmoja darasani akisogelewa na mbwa anavimba macho."

"Najua."

Mtoto alisimama, akafikiri, akakaa tena. Koti hakulivua.

"Mara moja tena," alisema. "Na safari hii uniambie nikikosea. Kwa mdomo."