Mayai ya Kwaya ya Ihanda

Wenye watoto wa kompyuta, sikieni hili. Kijijini Ihanda ni baridi. Hata jua likiwa utosini, mtu anatembea na kitenge mabegani. Pale hakuna aliyewahi kuliogopa joto, hata Felista hakuliogopa, mpaka mwanawe Edson alipounda mashine ya kuangulia vifaranga.

Kideri, ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia mabanda yote. Wamama wa kwaya, wenzake Felista, wakamletea Edson mayai yaliyobaki, kila mmoja kaandika jina lake kwenye ganda kwa penseli. Yale yakiharibika, mbegu ya kuku wao imekwisha.

Ubongo wa mashine ulikuwa chipu ndogo kama ukucha, isiyobeba mengi. Edson aliandika maagizo kwenye laptopu yake kuukuu, na programu iitwayo kompaila ikayageuza kuwa lugha ya chipu. Kompaila ile ilikuwa na njia mbili. Ya haraka ilimaliza kufumba na kufumbua, lakini kazi ilitoka nene, kama mahindi yaliyobebwa pamoja na maganda yake. Ya kubana ilitoa kazi ndogo, ila ukigusa neno moja tu, unakaa kuisubiri upya, na umeme wa kwao haukumsubiri mtu. Basi akawa anajaribia kwa ile ya haraka, na hapo hakukosea.

Siku ya mwisho, kazi ikakataa kuenea kwenye chipu.

"Si uweke ile ya kubana?" Felista akamuuliza.

"Nikibana lazima nijaribu yote upya, mama. Na Mama Tumpale wa kwaya anapiga simu toka asubuhi, eti naunda ndege?"

"Sasa?"

"Nakata maagizo ya kipimajoto cha pili, kile cha kuzima joto likizidi. Ihanda hii joto litoke wapi?"

Felista akacheka. Aliona ni kweli tupu.

Vifaranga walipokaribia kutoka, waya wa kipimajoto cha kwanza ukalegea. Chipu ikaamini kuna baridi, ikachochea moto, ikachochea. Cha pili hakuna aliyekisoma. Mayai yote yakaivia mle ndani.

Wamama wakachukua mayai yao, kisha wakarudi nayo kwenye beseni.

"Karibuni ndani," Felista akasema.

"Hatukai," Mama Tumpale akajibu. "Tumemletea mhandisi chakula."

Akamenya yai la kwanza. Kifaranga alishaota manyoya, ameiva.

"Kula, baba. Una haraka, tusikucheleweshe."

Edson akamtazama mama yake.

"Usimwangalie, chumvi hana."

Wakacheka wote, sauti ya kwanza na ya pili. Edson akala. Felista alipofungua mdomo kuwasihi, Mama Tumpale akamwekea kiganjani yai lenye jina lake mwenyewe.

"Hili lako, mama Edson. Mmenyee."

Beseni lilikuwa bado limejaa. Felista akalimenya yai, akatoa hata vipande vidogo vya ganda visije vikamkwaruza mwanawe koo.